Mrija wa Kwanza

Mwanangu Deo,

Barua huanza kwa kuulizana afya, lakini wewe nimekuona asubuhi hii hii ukimaliza viazi vitano na vikombe viwili vya chai, kwa hiyo afya yako naijua. Yangu utaijua ukifika chini ya karatasi. Sasa hivi umekwenda kwa kinyozi pale barabarani, na kwa jinsi mnavyopiga soga mkikaa kwenye lile benchi, najua nina muda wa kutosha. Nikimaliza nitaikunja barua hii niitie ndani ya sweta lako la kijani. Nimechagua sweta kwa sababu suruali utazipekua leo leo, lakini sweta hutalitoa mpaka baridi ya Katandala ikuume.

Kesho unaondoka. Watoto wa wenzangu wakiondoka nyumbani wanakwenda Dar es Salaam au Mwanza, mama zao wanalia kituoni na majirani wanawapa pole. Wewe unakwenda Katandala, nusu saa kwa bodaboda, kwenye nyumba yenye wanaume wanane walioacha pombe juzi juzi, na mimi sijui hata nijibu nini wakiniuliza. Jirani yetu Mama Skola aliniuliza jana: "Deo anakwenda kusoma?" Nikasema ndiyo. Unaona? Hata jana nimedanganya.

Sitakuambia ufue soksi. Ratiba yao iko ukutani, nimeiona kwa macho yangu, imeandikwa kwa chaki nani anapika, nani anafagia, nani anachota maji. Nataka kukuambia mambo ambayo nimeshindwa kuyasema siku zote nne ulizokuwa hapa, tumekaa jikoni wewe na mimi tunachambua maharage kama wageni.

Nianze na kosa ambalo watu wote walilicheka. Ulikuwa na miaka saba au minane. Nyumba ilikuwa imejaa wageni, baba yako Kosmasi akiwa bado hai, na chungu cha kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi, kiko katikati. Wewe ukaingia na gongo la baba yako la kutembelea, ukaanza kuyumba kama mlevi, unaanguka, unainuka, unamtukana kuku. Watu walicheka mpaka machozi. Mimi nikacheka kuliko wote, nikakuita, nikakupa mwiko ulambe. Kuanzia siku hiyo kila wageni wakija walisema, "Deo, hebu tuonyeshe mlevi." Na mimi nilikuwa nakusukuma katikati.

Sisemi kwamba ule mwiko ndio uliokuharibu. Mwalimu Severin, msimamizi wa hiyo nyumba unayokwenda, amenikataza kutafuta chanzo kimoja, anasema ni kama kutafuta tone lililojaza ndoo. Lakini nakukumbuka ukinitazama kabla ya kuanza kuyumba, kuona kama nimefurahi. Mtoto anataka kumfurahisha mama yake, na mimi nilikuwa nafurahi, basi.

Baba yako alikunywa na akalala. Hakumpiga mtu, hakuuza kitu cha nyumbani, asubuhi alikuwa shambani kabla yangu. Ndiyo maana nilidhani pombe ni chakula tu, na anayeshindwa nayo ana tabia mbovu. Alipofariki nilishika mapishi ya kimpumu kwa mikono miwili. Ndicho kilichotulisha, sikatai, lakini usinifanye mtakatifu wa shida. Nilikipenda. Kuanzia huku kwetu mpaka mjini nilikuwa najulikana kwamba ulezi wa Mama Deo hauchachi vibaya. Wazee walinyonya mrija wakafumba macho wakasema, "Huyu mwanamke ana mkono." Mjane hasifiwi kwa mengi, mwanangu. Mimi nilisifiwa kwa hilo nikalishikilia.

Ulipoanza kunywa gongo, ukiwa na miaka kumi na tisa, nilificha. Ukilala mtaroni nilisema una malaria. Nikakupeleka Kipili kwa mjomba wako, nikidhani ziwa litakuosha. Nilikupeleka kwa wavuvi wanaorudi alfajiri wakiwa wameloa na baridi, wanaopasha miili kwa chupa! Uliporudi ulikuwa umekonda mpaka shingo imekuwa ya kuku, umebeba gunia la migebuka kuniletea zawadi. Nikawagawia majirani samaki, nikasema, "Mnaona, Deo anafanya kazi." Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo kilikuwa kinaniumbua kidogo kidogo na bado nagawa samaki.

Sasa nije kwenye lile tusilolisema.

Mwaka jana ulikaa soba, ile nyumba ya kuwaachisha watu pombe, kule Mbeya miezi mitatu ukapona mwili. Siku za mwisho wale wahudumu walinipigia simu. Walisema usirudi nyumbani moja kwa moja, ukae kwanza miezi sita katika nyumba ya wenzako wanaojifunza kuishi bila kulewa, mnafanya kazi mchana, jioni mnakaa pamoja kila mtu anasema siku yake ilivyokwenda. Walinieleza kwa upole sana. Mimi nilisikia neno moja tu, kwamba mwanangu ana mama na ana nyumba lakini ataishi na walevi. Nikawaza watakavyosema kanisani. Nikawaza na shamba, maana ilikuwa Februari, majani yamefika kiunoni na hakuna wa kuyageuza.

Kwa hiyo nilikupigia nikasema kifua kinanibana na daktari hanielewi. Kifua changu kilikuwa kizima, Deo. Siku hiyo nilikuwa nimebeba kuni mzigo mzima kutoka bondeni. Uliacha nafasi yako katika ile nyumba ukapanda basi siku hiyo hiyo, ukafika hapa na dawa ya kifua kwenye mfuko wa nailoni. Nikainywa ili usijue.

Hilo ni la kwanza. La pili unalijua, lakini unalijua vibaya.

Wiki mbili baadaye niliita watu waje kutusaidia kupiga ntumba. Wewe ulilima nao, ulipiga vile vilima vya majani na udongo safu kwa safu, watu wakakusifu, nami nilikuwa nawaletea uji huku nimejaa fahari kama chungu. Jioni wakakaa. Ulijua kama ninavyojua mimi kwamba huku kwetu watu wanaogopana kwa sumu. Mwenye shamba ndiye anayenyonya mrija wa kwanza, watu wote wanamtazama kooni mpaka ameze, ndipo wengine wanasogea. Asiponyonya, kuna kitu chunguni. Baba yako hayupo. Mwenye shamba ni wewe.

Nilikuwa na siku tatu za kulifikiri jambo hilo wakati ulezi unachacha. Ningeweza kuwapikia ubwabwa na kuku. Ningeweza kumwomba mjomba wako aje akae kwenye kigoda cha mwenye shamba. Sikufikiri, au nilifikiri nikaliacha, sijui lipi ni baya zaidi.

Nilimimina maji ya moto chunguni, nikachomeka mirija, watu wakakugeukia. Wewe ulikuwa umekaa mbali karibu na mlango. Mama Skola, Mungu ambariki pamoja na mdomo wake, ndiye aliyejaribu. Alisema, "Mama Deo, si unyonye wewe? Mtoto ametoka matibabu." Nikamjibu, "Mimi si mwenye shamba." Ndipo mzee mmoja wa pembeni akaguna: "Chungu gani hiki mwenyewe anakiogopa?"

Maneno yale yaliniingia kama mwiba. Miaka yote ile, mkono wangu, jina langu, halafu mtu aseme chungu changu kina kitu. Nilichukua mrija nikakuletea mpaka pale mlangoni. Ulininong'oneza, "Mama, nitie mdomoni tu halafu niteme nje?" Nami nikakunong'oneza, "Watakuona. Meza kidogo tu, mwanangu, unitoe aibu."

Ulinitazama kama ulivyonitazama ulipokuwa na miaka saba. Halafu ukainuka, ukaenda, ukameza. Watu wakapiga makofi wakasogea. Nami, Deo, nilifurahi. Ni kweli, pale pale nilifurahi, nikasema moyoni mwangu kumbe anaweza kunywa kidogo kama baba yake.

Usiku huo hukulala ndani. Yaliyofuata hatuna haja ya kuyahesabu. Kufikia Mei walikuokota barabarani una baridi kama jiwe, viatu havipo.

La tatu ndilo linalonifanya nishike kalamu. Nilipokurudisha soba, yule dada wa mapokezi aliuliza ilikuwaje. Wewe ulikuwa umeegemea ukuta, macho yamefumba, nikadhani husikii. Nikasema, "Alitoroka nyumbani akaenda vilabuni mjini. Sisi hatukujua." Dada akakugeukia: "Ni kweli, kaka?" Ukafumbua macho. Ukanitazama mimi kwanza. Ukasema, "Ndiyo, nilitoroka."

Nilitoka pale nikapanda basi, na kila nilipofumba macho njiani niliisikia ile "ndiyo" yako. Mtu anatetemeka mwili mzima, hawezi hata kushika kikombe, bado anamsitiri mama yake. Na mimi nikakuacha unisitiri. Mwaka mzima sasa umekaa katika vikao vyao unatubu kosa langu. Kwenye karatasi zako zilizokwenda Katandala imeandikwa kwamba wewe ni mtu wa kutoroka, ndiyo maana walisema miezi miwili ya kwanza hutavuka geti hata kwenda kazini. Wenzako watakwenda kwenye karakana ya seremala Majengo, wewe utabaki unafagia majani.

Jumanne uliponiona nimefunga kitenge cha kanisani nikasema nakwenda msibani, nilikwenda Katandala. Nilitaka nimwone huyo Mwalimu Severin na hiyo nyumba yake. Nilitegemea kukuta vichaa, nisikufiche. Nilifungua geti nikamkuta mwanaume wa umri wangu amejifunga kanga kiunoni anakata kabichi, nyembamba, nyembamba, kuliko ninavyokata mimi. Akasema, "Shikamoo, mama, karibu, Mwalimu yuko nyuma." Nikamwambia shikamoo ya nini na wewe una mvi? Akacheka. Akaniambia ana miezi minne hapo, na kwamba wiki ya kwanza alikuwa anaficha viatu vyake chini ya mto ili aweze kukimbia, sasa anaviacha mlangoni pamoja na vya wenzake. Nilivitazama. Vilikuwa vimepangwa safu moja, vimepigwa rangi.

Mwalimu Severin alinisikiliza nikamweleza yote matatu, kifua, mrija, na ile "ndiyo". Nilidhani atanifariji, maana nililia. Hakunifariji. Alisema, "Asante, mama. Ile karatasi nitaibadilisha, ataanza kazi na wenzake. Lakini mimi sikudhulumiwa. Nenda ukamwambie mwenyewe." Nikasema siwezi kukutazama machoni. Akasema, "Basi andika."

Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Bado unapika?"

Nikakasirika. Nilimwambia mimi ni mtu mzima, sinywi, sijawahi kulala mtaroni, na kimpumu ni chakula cha babu zetu hata mapadre wanajua. Alingoja nimalize. Akauliza tena kwa sauti ile ile, "Bado unapika, mama?"

Wewe jibu unalijua. Umelala hapa siku nne. Siku ya kwanza ulilala chumba chako kinachopakana na jiko la nyuma, siku ya pili nikakukuta umehamishia godoro sebuleni. Niliuliza kwa nini, ukasema, "Huku kuna joto, Mama, niko poa." Joto, Ufipa, mwezi wa sita! Ulikuwa umenusa ulezi unaochipua chini ya gunia. Mwanangu anarudi kutoka kuponea chupuchupu, nami nimeweka kimea mita tatu kutoka kwenye kichwa chake, kwa sababu mwisho wa mwezi kuna harusi na niliyeombwa kupika ni mimi. Hukuniambia niutoe. Ulibeba godoro lako ukahama kimya kimya, na asubuhi ukaniuliza kama nimelala vizuri.

Baada ya kutoka kwa Mwalimu nilirudi nimeapa nitaumwaga. Nilifunua gunia. Ulikuwa umechipua sawasawa, vijimizizi vyeupe vimeshikana kama mkeka. Nilisimama pale muda mrefu. Nikaumwagia maji, Deo, nikaufunika tena. Mikono yangu ilifanya hivyo nikiitazama. Ndipo nilipokuelewa kwa mara ya kwanza, pamoja na miaka yote niliyokupigia kelele kwamba kuacha ni kuamua tu. Umeamua mara ngapi wewe? Mimi nimeamua mara moja nikashindwa kabla ya jua kuzama, na mimi sina hata kutetemeka.

Kwa hiyo siapi tena. Nakuambia tu ninavyojua, na ninavyojua ni vichache.

Najua kwamba hukutoroka. Ukikaa kwenye vile vikao vya jioni na zamu yako ikifika, usiseme tena ulitoroka. Sema mama yangu alinipa. Useme kwa sauti, na jina langu ulitaje. Hutakuwa umenivua nguo, nimezivua mwenyewe humu. Sikuambii hivyo ili upate mtu wa kumlaumu ukitaka kunywa tena. Baada ya ule mrija mmoja kuna mingine uliyonyonya mwenyewe, nayo ni yako. Chukua yako uniachie yangu. Umebeba mizigo yote miwili na ndiyo maana mgongo umepinda.

Najua pia kwamba ulijifunza kunitazama kabla ya kufanya jambo. Hiyo ni kazi yangu, na sijui inafutwaje. Labda nyumba yenye watu wanane ambao hakuna hata mmoja aliyekuzaa itaweza. Nilipokuwa natoka Jumanne, kijana mmoja alimwambia yule wa kabichi, "Mzee, leo chumvi umezidisha," na yule akajibu, "Basi kesho upike wewe," wakacheka, ikaisha. Nilisimama getini nikajiuliza ni lini mimi na wewe tuliambiana kitu kama hicho kikaisha. Wivu ulinishika, nakiri. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, lakini mzazi huyo huyo anaweza kuwa ndiye uchungu wenyewe.

Hawa watu wanaruhusu wageni kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Utawaona mama wa wenzako wakija na ndizi na maandazi. Mimi sitakuja. Usidhani nimekasirika wala nakuonea aibu. Nilimwambia Mwalimu kwamba sitakanyaga pale mpaka siku nitakapokuwa na jiko lisilo na chungu, na siku hiyo siijui. Inaweza kuwa mwezi ujao, inaweza kuwa umeshamaliza miezi yako sita ukapanga chumba chako huko huko Majengo, ukaoa. Nitajaribu. Nitakosea. Hakuna anayenifungulia nyumba ya wanawake wanane wanaoacha kupika, lakini leo nimemweleza Mama Skola ukweli, naye amesema atakuja jioni tukae, na kwa mdomo wake ule hatanipa nafasi ya kujidanganya.

Lakini najijua, mwanangu, na hili ndilo la mwisho. Nitakukosa. Kuna siku nitasahau yote niliyoandika hapa. Nitajiambia kwamba wewe ni mwanangu wa pekee, kwamba miezi miwili inatosha, kwamba umenenepa, kwamba shamba linaharibika. Nitafunga kitenge changu nitapanda bodaboda, nami nikitaka kitu unajua nilivyo. Nimemwambia Mwalimu Severin anifukuze. Aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia anifukuze hata nikipiga magoti, hata nikisema naumwa.

Nawe ukinisikia nalia nje ya geti nikikuita kwa jina, baki ndani, Deo. Usitoke kunitazama.

Mama yako.